Kutu, Mwizi wa Misumari ya Mtumbwi



Somo letu la leo linahusu kutu. Kutu mnaijua. Iko kwenye jembe lililosahauliwa shambani, kwenye mnyororo wa baiskeli, na kwenye bawaba za mlango. Wengi wetu tukiiona husema, "Ah, huo ni uchafu tu, chuma kimezeeka." Hapo ndipo tunapokosea. Kutu si uchafu uliokuja kukaa juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe kinachoondoka. Ukiona kutu, ujue kuna chuma kilichopungua.

Leo tutaitazama kutu mahali ambapo inaweza kuua watu, yaani kwenye misumari na bolti za mtumbwi. Tunawafikiria hasa wenzetu wa Geita wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria. Lakini ninyi wa Kishapu na Kahama msifunge gazeti. Mwishoni tutafika kwenye plau, kwenye mkokoteni na kwenye pampu ya kisima.

KOSA LETU WENYEWE

Kwanza tuseme ukweli. Somo hili tumelipata kwa hasara, na hasara hiyo tuliisababisha sisi maofisa.

Katika mwalo mmoja upande wa Geita, kikundi cha watu tisa waliomaliza darasa la kisomo walichanga fedha ili wanunue mtumbwi. Walitaka kubeba mkaa na mazao. Wakapata mtumbwi wa mkono wa pili. Mtumbwi ule ulikuwa umebeba kayabo kwa miaka kadhaa. Kayabo, kama mnavyojua, ni sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa.

Wanakikundi walituita tukautazame. Tulikwenda. Mtumbwi ulikuwa umepakwa rangi mpya ya buluu, unang'aa kama sahani. Tuliuzunguka mara moja, tukagonga ubao mmoja kwa kidole, tukasema, "Nunueni, chombo ni kizima." Hatukung'oa msumari hata mmoja. Hatukuuliza kwa nini mtu apake rangi wiki ile ile anayouza.

Baada ya miezi miwili mtumbwi ulikuwa unarudi na magunia ya mkaa. Ndani walikuwamo watu wanne. Upepo ulikuwa wa kawaida tu. Karibu na tezi, ubao mmoja ukaachia. Haukuvunjika, uliachia, kama kifungo kinachotoka kwenye shati. Maji yakaingia kwa nguvu. Bahati nzuri pwani ilikuwa karibu, na ndani mlikuwa na madumu matupu ya mafuta. Watu wale wanne wakayashika madumu wakaelea mpaka wenzao walipofika. Mashine ilizama pamoja na mkaa wote. Deni likabaki.

Mtumbwi ulipovutwa nchi kavu, tulikwenda tena. Safari hii tulikuwa na fundi mmoja mzee anayeunda mitumbwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, walimu. Njoni muone."

Akashika msumari kwa koleo, akavuta. Kichwa kikabaki kwenye koleo. Akavuta mwingine. Huo ulitoka, lakini katikati ulikuwa mwembamba kama sindano ya kushonea magunia.

"Mnaona?" akasema. "Msumari umebaki jina. Rangi ilikuwa inashika ubao, na ubao unashika rangi. Hakuna kingine."

Hatukuwa na la kujibu. Tukamwomba atufundishe. Mengi mtakayosoma hapa chini ni yake, na mengine tumeyatoa katika masomo ya sayansi.

KUTU NI NINI?

Zamani, huko Geita na Buzinza, waliishi wafua chuma mashuhuri walioitwa Warongo. Waliokota mawe mekundu mazito, wakayaweka katika tanuri pamoja na makaa, wakavukuta moto kwa mivukuto. Chuma kikatoka. Wakafua majembe, na majembe hayo yakauzwa mpaka Usukuma. Watu wengine waliyatumia hata kulipia mahari.

Sasa tujiulize. Lile jiwe jekundu lilikuwa nini? Lilikuwa ni chuma kilichoungana na hewa. Katika hewa tunayovuta kuna sehemu iitwayo oksijeni. Ndani ya jiwe lile, chuma na oksijeni vilikuwa vimeshikana tangu kale. Moto wa makaa uliiondoa oksijeni, chuma kikabaki peke yake.

Lakini chuma hakipendi kukaa peke yake. Kikipata maji na hewa, hushikana tena na oksijeni. Hugeuka unga mwekundu, karibu sawa na lile jiwe la Warongo. Hiyo ndiyo kutu. Chuma kinarudi kwenye udongo kilikotoka.

Hapa wenzetu wachimbaji watauliza, "Mbona dhahabu haishiki kutu?" Ni swali zuri. Dhahabu haishikani na oksijeni kwa urahisi. Ndiyo maana mnaichimba ikiwa dhahabu tayari, inang'aa ndani ya mwamba. Chuma hatukioti mwambani kikiwa jembe. Tulikitoa kwa nguvu ya moto, na kila siku kinataka kurudi. Kazi yetu ni kukizuia.

JARIBIO LA CHUPA TANO

Msituamini kwa maneno tu. Jaribuni wenyewe darasani au nyumbani. Tafuteni chupa tano za kioo zenye mdomo mpana na misumari mitano ya kawaida isiyopakwa kitu. Isugueni kwa msasa, ioshwe kwa sabuni, ikaushwe. Kisha fanyeni hivi:

Chupa ya 1: Wekeni msumari mkavu bila maji. Fungeni kizibo vizuri.

Chupa ya 2: Chemsheni maji kwa dakika 10 ili hewa iliyomo itoke. Yafunikeni yapoe kidogo. Tumbukizeni msumari, jazeni maji mpaka shingoni, kisha mimineni mafuta ya kula juu yake ili hewa isirudi.

Chupa ya 3: Wekeni msumari na maji ya kawaida yanayofika nusu ya msumari. Msifunge.

Chupa ya 4: Fanyeni kama chupa ya 3, lakini maji yawe ya chumvi. Lita moja ya maji itiwe vijiko viwili vya mezani vya chumvi. Hayo yatakaribia chumvi ya bahari, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi.

Chupa ya 5: Fanyeni kama chupa ya 4, lakini msumari uzungushiwe waya wa shaba uliokwanguliwa mpaka ung'ae. Waya wa ndani ya redio mbovu unafaa.

Andikeni namba juu ya kila chupa. Ziwekeni mbali na watoto, wasije wakanywa. Tazameni kila siku kwa wiki moja na kuandika mnachokiona.

Mtaona kwamba chupa ya 1 haina kutu, kwa sababu kuna hewa lakini hakuna maji. Chupa ya 2 nayo haina kutu, au ina kidogo sana, kwa sababu kuna maji lakini hewa imeondolewa. Chupa ya 3 ina kutu. Chupa ya 4 ina kutu zaidi, na maji yake yamegeuka rangi. Katika chupa ya 5 msumari umeliwa haraka kuliko yote, lakini ule waya wa shaba hauna neno.

Tumejifunza mambo matatu. La kwanza, kutu inahitaji maji na hewa kwa pamoja. Ukikizuia kimoja, umeizuia kutu. La pili, chumvi huharakisha kutu. La tatu, chuma kikigusana na shaba ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa.

CHUMVI INAFANYA NINI?

Mmewahi kuona betri ya tochi iliyokwisha inavyotoboka na kuvuja? Ganda la betri nyingi za kawaida ni la zinki. Betri inapotoa umeme, zinki inaliwa kidogo kidogo. Umeme ule unatokana na kuliwa huko.

Kutu nayo ni kazi ya umeme mdogo sana, ambao huwezi kuusikia kwa mkono. Umeme huo hutembea ndani ya chuma na ndani ya maji. Maji matupu hupitisha umeme kwa shida. Ukitia chumvi, njia imefunguka, na kutu inakimbia.

Mtasema, "Lakini ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi ya bahari." Ni kweli. Ndiyo maana msumari wa ziwani hudumu kuliko wa baharini. Lakini chumvi tunaiingiza sisi wenyewe. Inaingia kwa kayabo. Inaingia kwa magunia ya chumvi. Inaingia kwa mifuko ya mbolea iliyopasuka. Maji machafu yanayokaa chini ya sakafu ya mtumbwi yanachanganyika na chumvi hiyo. Jua linayapunguza maji, chumvi inabaki. Kesho inaongezeka nyingine. Kumbe nje ya mtumbwi kuna ziwa, na ndani yake tumejitengenezea bahari ndogo. Mtumbwi wa kikundi chetu uliliwa kutoka ndani.

VYUMA VIWILI HAVIKAI PAMOJA

Jambo la chupa ya 5 liliwahi kuwasumbua hata wakubwa wa dunia. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari yao iitwayo Alarm kwa mabati ya shaba, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Walipoikagua mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya, na mabati mengine yamebanduka. Lakini misumari michache ilikuwa bado mizima. Kwa nini? Karatasi ya kufungia mabati ilisahauliwa katikati, ikazuia chuma kisigusane na shaba. Karatasi tu!

Basi tunaweza kuvipanga vyuma kwa nguvu zao. Dhahabu na shaba ni wababe. Chuma ni mnyonge wao. Zinki ni mnyonge kuliko chuma. Viwili vikigusana ndani ya maji, mnyonge huliwa na mbabe hupona.

Mafundi wameitumia sheria hii kwa faida. Mabati mengi ya nyumba zetu ni chuma kilichopakwa zinki. Bati likikwaruzwa kidogo, zinki ya jirani inaliwa kwanza, na chuma kinasalimika. Misumari ya zinki nayo ni hivyo hivyo. Mashine ya mtumbwi pia ina kipande kidogo cha metali nyonge, kilichofungwa sehemu ya chini inayokaa majini. Kazi yake ni kuliwa badala ya mashine. Wengine wakiona kimechakaa hukiondoa na kukitupa, au hukipaka rangi kipendeze. Msifanye hivyo! Kikipakwa rangi hakiwezi kufanya kazi. Kikibaki nusu, kinunuliwe kingine. Muulize fundi wa mashine aina inayofaa, kwa maana kwa bahari hutumika zaidi zinki na alumini, na kwa maji baridi magnesi hufaa zaidi.

WATU WA PWANI WALIFANYAJE?

Wenzetu wa pwani wanaishi na chumvi kila siku. Wazee wao wa kale waliikwepa taabu hii kabisa. Walishona mashua zao kwa kamba za nazi, bila msumari wa chuma. Mashua hizo za kushonwa zilijulikana karibu miaka 2,000 iliyopita, katika bandari ya kale ya pwani yetu iliyoitwa Rhapta. Mtepe wa Wabajuni na wa Lamu ulikuwa wa namna hiyo, na ulionekana baharini mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Siku hizi majahazi hupigwa misumari. Mafundi huchagua misumari ya zinki, na kichwa cha msumari hufukiwa ndani ya ubao na kuzibwa ili maji yasikifikie. Huko Unguja utaona pia watalii wakipiga kasia katika vyombo vyembamba vya plastiki viitwavyo kayaki. Plastiki haishiki kutu, lakini skrubu, vishikio na vipini vyake ni vya metali. Pale skrubu ya stenlesi inapogusana na kipande cha alumini, alumini inageuka unga mweupe na kuoza. Kwa hiyo wanaovitunza huviosha kwa maji baridi kila vikitoka baharini, huvikausha, na hutia grisi kwenye skrubu. Hata stenlesi si zote sawa. Ile ya namba 316 huvumilia chumvi kuliko ya namba 304.

Mnaona, iwe jahazi, iwe kayaki, iwe mtumbwi wa Geita, dawa ni moja: osha chumvi, kausha, funika chuma, na usichanganye vyuma.

JINSI YA KUKAGUA MTUMBWI

Utoeni mtumbwi majini, muuinue juu ya magogo, uachwe ukauke siku mbili au tatu. Ondoeni sakafu ya ndani. Kisha tazameni dalili hizi:

1. Doa jeusi kuzunguka msumari. Kutu imeingia kwenye ubao, na ubao wenyewe umeanza kulegea.

2. Machozi mekundu yanayoshuka chini ya msumari, hata juu ya rangi mpya.

3. Kichwa cha msumari kilichovimba, au ubao uliopasuka hapo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, kwa hiyo husukuma na kupasua mbao.

4. Ubao unaocheza ukiusukuma kwa goti.

5. Pamba ya kalafati inayotoka mara kwa mara mahali pale pale.

Mkiona dalili moja, msiishie kutazama. Ng'oeni msumari mmoja au miwili hapo. Huo ndio ushahidi. Ikiwa msumari umepungua katikati au kichwa kinakatika, basi misumari ya ubao mzima ihesabiwe kuwa mibovu.

Ukinunua mtumbwi wa zamani, mwombe mwenye nao akuruhusu kung'oa misumari mitatu: mmoja omo, mmoja katikati, na mmoja tezi. Akikataa, nawe kataa kununua. Na rangi mpya ikuongezee maswali, isikupunguzie.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Ng'oa msumari mbovu wote. Usiache kipande ndani.

2. Kata kijiti cha mti mgumu mkavu, ukizibe nacho kile tundu. Msumari mpya upigwe pembeni kidogo, kwenye ubao mzima. Ukiupiga katika tundu la zamani, hautashika.

3. Tumia misumari ya zinki peke yake. Usichanganye misumari ya zinki, ya kawaida na ya shaba katika ubao mmoja. Usiigonge mpaka zinki ikabanduka kichwani. Ikibanduka, paka rangi hapo.

4. Chovya msumari katika grisi kabla ya kuupiga.

5. Bolti na vyuma vingine visuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Funika pua na mdomo kwa kitambaa unaposugua, maana vumbi la rangi ya zamani huweza kuwa na sumu.

6. Osha kwa maji baridi, kausha kabisa, kisha upake rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya matofali ambayo mafundi huiita redi oksaidi. Ikikauka, paka mara ya pili. Ndipo ipake rangi unayoipenda. Mkono wa pili upite vizuri kwenye kingo na kwenye pembe, kwa sababu kutu huanzia huko.

7. Usipake rangi juu ya kutu, wala juu ya unyevu. Kufanya hivyo ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

8. Vyuma viwili visivyofanana vikilazimika kukutana, weka katikati kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Mnakumbuka ile karatasi ya manowari.

9. Pigeni kalafati upya, kisha turudi majini.

Kila siku mkishusha kayabo, chumvi au mbolea, mwageni maji ya ziwa ndani ya mtumbwi, sugueni, kisha ondoeni maji yote. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na haina gharama. Oili chafu msiimwage mtumbwini. Itaingia ziwani, na ziwa hilo ndilo tunalokunywa.

DAFTARI LA MTUMBWI

Hapa sasa kisomo chenu kinafanya kazi. Yule fundi mzee alituambia kwamba mitumbwi mingi haizami kwa kukosa fundi. Inazama kwa kuwa hakuna anayekumbuka ilitengenezwa lini.

Kila mtumbwi uwe na daftari lake. Liwekwe nyumbani kwa katibu wa kikundi, lisiwekwe mtumbwini. Andikeni tarehe, mliyoyaona, mliyoyafanya, fedha mlizotumia, na jina la aliyeandika. Kwa mfano:

"Tarehe 4 Machi. Ubao wa tatu upande wa kulia, karibu na tezi. Misumari 6 ina doa jeusi. Tumeng'oa 6, tumepiga 6 mipya ya zinki. Kalafati mpya. Rangi nyekundu mara mbili. Mtumbwi umerudi majini tarehe 8 Machi."

Mistari michache tu. Lakini mwaka ukipita, mtu yeyote ataisoma na kujua ubao upi unasumbua. Daftari hilo litawasaidia pia mbele ya BMU ya mwalo wenu na mbele ya wakaguzi wa vyombo.

Kile kikundi chetu kinalo daftari sasa. Baada ya kulipa nusu ya deni walinunua mtumbwi mwingine, mdogo kuliko wa kwanza, na bila mashine. Safari hii hawakutuuliza sisi. Walimwita yule mzee, wakang'oa misumari mitatu mbele ya muuzaji. Sisi tulialikwa kutazama tu, na tulistahili hivyo.

NA TULIO MBALI NA ZIWA?

Kutu ni ile ile. Plau ikitoka shambani, ondoa udongo, kausha, paka oili au grisi kwenye jembe lake, uiweke chini ya paa na juu ya mbao. Isilale zizini, kwa sababu mkojo wa ng'ombe una chumvi nyingi. Bolti za mkokoteni zitiwe grisi kabla ya mvua kuanza. Bomba la kunyunyizia dawa lioshwe siku ile ile. Mbolea isikae pamoja na majembe.

Visima vingine vya mkoa wetu vina maji ya chumvi. Kama pampu ya kijiji inatoa maji mekundu asubuhi, kisha yanakuwa meupe, mara nyingi bomba la chuma linaliwa ndani. Kamati ya maji iambiwe mapema, kabla bomba halijakatikia chini.

Na ninyi wachimbaji wadogo, tazameni sana kamba za waya na bolti za mashimoni. Kuna jiwe linalong'aa rangi ya njano ambalo wengi hulidhania kuwa dhahabu. Ndani yake mna chuma na salfa. Likikutana na maji na hewa hutoa asidi, na asidi hiyo hula chuma upesi kuliko maji ya kawaida. Waya ukiwa na nyuzi zilizokatika au umejaa unga mwekundu, ubadilishwe. Hapo chini kuna mtu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kalafati: pamba au nyuzi zinazopigwa kati ya mbao ili maji yasipite.
Tezi: sehemu ya nyuma ya chombo.
Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Oksijeni: ile sehemu ya hewa inayotufanya tuishi, na inayokifanya chuma kishike kutu.
Zinki: metali inayopakwa juu ya mabati na misumari ili kukilinda chuma.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kutu inahitaji vitu gani viwili ili itokee? Ni chupa zipi zilizotuonyesha hivyo?
2. Chumvi inaingiaje katika mtumbwi wa ziwani?
3. Kwa nini kipande cha zinki cha mashine kisipakwe rangi?
4. Katika kijiji chenu, ni chuma gani ambacho kikikatika kesho mtu ataumia? Nani alikikagua mara ya mwisho, na lini?
5. Andikeni ukurasa wa kwanza wa daftari la mtumbwi, la plau au la pampu yenu.

Swali la 4 lisijibiwe mkiwa mmekaa. Inukeni, mwende mkakitazame, kisha mtuandikie mlichokiona. Barua zenu tutazisoma.